Folda ya Watoto wa Tumboni

Ilianza na harufu. Kitasa aliporudi kazini kutoka likizo yake fupi, alifungua mlango wa chumba cha seva, kile kichumba kilichobanwa nyuma ya mapokezi ya kliniki, akapokewa na harufu ya maziwa. Si maziwa ya chai. Ni maziwa ya mama, yale yanayochuruzika yakakaukia kwenye nguo mpaka yakachacha. Chumba hakikuwa na dirisha, ufunguo alikuwa nao yeye peke yake, na kwa sheria yake mwenyewe hata maji ya kunywa hayakuingizwa humo. Akachungulia nyuma ya kabati la chuma, akainama chini ya kiyoyozi, hakuona kitu. Akajisemea labda kuna mzazi amenyonyesha pale mapokezi na harufu imepenya. Akaongeza ubaridi, akakaa kazini.

Kliniki ile ilipiga picha za watoto walio tumboni. Mama hulala kitandani, Bibi Picha, kama walivyomwita mpiga picha wa kliniki, akapitisha kifaa juu ya tumbo, na mtoto akaonekana kwenye skrini ananyonya kidole, au amewageuzia watu mgongo kwa jeuri yake. Picha zote, za waliokwisha kuzaliwa na za wanaosubiriwa, zilikaa kwenye folda moja kubwa, na mlinzi wa folda hiyo alikuwa Kitasa, fundi wa kompyuta. Jina hilo walimpa wenzake, na hawakumwonea. Seva yao iliendeshwa na mfumo uitwao Linux, na katika Linux kila folda hugawa ruhusa kwa watu wa aina tatu: mwenyewe, kikundi chake, na wengine wote waliobaki. Kila aina unaweza kuipa au kuinyima mambo matatu: kusoma, kuandika na kuingia. Kitasa alikuwa bahili wa ruhusa. Ukimwomba folda alikuhoji kama mzazi anayeposwa binti. Daktari mwenyewe, mwenye kliniki, aliwahi kunyimwa mbele ya wagonjwa, akabaki anacheka kwa aibu.

Ndiyo maana alichokifanya siku ya mwisho kabla ya likizo hakuna ambaye angemdhania.

Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama utosini. Mashine mpya ya picha ilikuwa imefungwa asubuhi, na kila Bibi Picha alipojaribu kuhifadhi, kompyuta ilimjibu kwamba hana ruhusa. Kina mama walijaa kwenye mabenchi wakijipepea kwa kadi zao za kliniki. Bibi Picha, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani, akaja tena mlangoni kwa Kitasa.

"Mwanangu, nisaidie. Watu wameshaanza kunisonya."

"Nakuja, mama, nipe kidogo tu."

Dawa yake Kitasa aliijua. Aunde kikundi, aiingize mashine mpya ndani ya kikundi, akipe kikundi hicho ruhusa ya kuandika kwenye folda ya siku hiyo, basi. Ni kazi ya kutaka akili iliyotulia, na akili ya Kitasa ilikuwa imeshaondoka safarini, mkoba uko begani. Akaandika chmod, amri ya kubadili ruhusa, na kuweka saba tatu, yaani kila kitu kwa kila mtu, mwenyewe, kikundi, na yeyote yule. Tena hakuielekeza kwenye folda ya siku hiyo. Aliielekeza kwenye folda kubwa pamoja na kila kilichomo ndani yake. Na kwa kuwa kelele zilikuwa zimemchosha, alipobonyeza alisema kwa sauti, peke yake ndani ya kile kichumba, "Haya, ingieni nyote mnaotaka, mfanye mnavyotaka."

Baridi ikampuliza kisogoni. Kiyoyozi hicho, alidhani. Akajisemea atarudisha ruhusa za zamani akirudi, akafunga mlango, akaenda zake. Likizo ilikuwa tamu, na hakukumbuka hata siku moja.

Sasa siku ile ya harufu, Bibi Picha alimwita chumbani kwake, akafunga mlango na kushusha sauti.

"Hebu tazama hii. Unaona nini?"

"Naona mtoto."

"Na nyuma yake?"

Nyuma ya mtoto, pembeni kabisa mwa picha, palikuwa na vidole. Vilikuwa virefu kuliko vya mtu, vimeshika ukingo wa giza namna mtu anavyoshika mlango akichungulia ndani.

"Labda ni pacha," Kitasa alisema.

"Pacha nimewapiga picha tangu wewe hujaota meno. Hii niliipiga wewe ukiwa likizo, na siku ile vidole hivi havikuwepo." Bibi Picha akafungua nyingine, na nyingine. "Na hivi pia havikuwepo. Wala hivi. Nimekuita wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye unayejua nani anaingia humo."

Kitasa aliisogelea skrini. Pale pale alikumbuka. Alirudi kwenye chumba cha seva mbio mbio, akakaa kwenye kiti, akaita ile folda aione ruhusa zake, na ruhusa zilikuwa vile vile alivyoziacha, milango wazi kutoka juu hadi chini. Lakini hilo halikuwa ndilo lililomkausha mate. Kila faili huonyesha jina la mwenyewe, na kwenye zile picha jina la mashine ya Bibi Picha lilikuwa limeondoka. Badala yake palikuwa na namba tupu. Namba huonekana hivyo pale mtu anapofutwa kwenye mfumo. Akatafuta ni nani aliyewahi kuwa na namba ile, akatafuta tangu kliniki ilipoanza, na hakuna mtu aliyewahi kuwa nayo.

Akafunga folda. Akaangalia tena, iko wazi. Akafunga, akaondoa mkono kwenye kibodi, akaona kwa macho yake ruhusa zinarudi moja moja, kusoma, kuandika, kuingia, taratibu, bila haraka, na wakati huo huo kutoka ndani ya kabati la chuma, ambalo halikuwa na spika wala kitu chochote cha kutoa sauti zaidi ya feni, akasikia mapigo ya moyo mdogo yakienda mbio mbio kama yanavyosikika chumbani kwa Bibi Picha, kisha ya moyo wa pili, kisha ya mioyo mingi mno, yote ikidunda kwa pamoja.

Hapo ndipo angetakiwa aende kwa Daktari akaseme. Alitoka kwa nia hiyo, kwa kweli alitoka. Alipofika mlangoni kwake alimkuta Daktari amesimama na picha mkononi, na mbele yake amesimama Bibi Picha, kichwa chini.

"Umeharibu kazi ya miaka," Daktari alikuwa akisema. "Mashine mpya hujui kuitumia, ungesema tu. Nitawaambia nini hawa kina mama?" Akamwona Kitasa. "Wewe, fundi. Kuna mtu mwingine mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda hii?"

Bibi Picha akamtazama Kitasa. Hakumtazama kwa kumwomba. Alimtazama kwa kumtegemea.

"Kwa utaratibu wetu," Kitasa alisema, "ni mashine ya picha tu."

Hakudanganya, utaratibu ulikuwa huo. Bibi Picha, akiwa amefukuzwa, alikusanya vitu vyake kwenye mfuko, akaaga mapokezi, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kitasa alirudi kwenye kichumba chake, akafunga mlango.

Lakini kilichomnyima usingizi hakikuwa Bibi Picha peke yake. Kitasa aliishi kwa kaka yake, na mke wa kaka yake, wifi yake, alikuwa mjamzito. Mimba mbili za kabla zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilikuwa imevuka pale zile zilipoishia, na nyumba nzima ilitembea kwa kunyata kwa ajili yake. Picha zake zilikuwa humo humo. Kila Kitasa alipoingia nyumbani, wifi alimtania kutoka kwenye kochi, "Mlinzi wetu, umemfungia vizuri mwanangu?" Zamani Kitasa alijibu, "Hata wewe mama yake hutamwona bila kibali changu." Sasa alisema tu ndiyo, akapita kwenda kunawa.

Alianza kuitazama picha ya wifi kila siku. Mwanzoni ilikuwa safi. Kisha vidole vikatokea ukingoni. Kesho yake kilikuwa kiganja kizima, kimekaribia bega la mtoto. Na kina mama wakaanza kurudi kliniki mmoja mmoja bila kuitwa, wakiuliza kwa sauti za chini swali lile lile: mbona likifika jua la utosi mtoto anaacha kucheza, ananyamaza kimya, halafu alasiri anaamka na kurusha mateke ya hofu? Mmoja alisema, "Ni kama kuna mtu anamwambia nyamaza." Kitasa alikuwa nyuma ya kaunta akijifanya anatengeneza mashine ya kuchapisha. Alishika waya ule ule muda mrefu, hajui wa nini.

Hata wifi jioni moja aliacha utani. "Wifi yangu, leo mchana hakucheza kabisa. Nimemwita, nimelala ubavu, nimekunywa maji baridi. Kimya. Sijamwambia kaka yako. Usimwambie."

"Sitamwambia," Kitasa akasema. Alikuwa ameshakuwa hodari wa kutosema.

Siku iliyofuata, kwenye picha, mkono ulikuwa umelala juu ya kichwa cha mtoto. Maji yamezidi unga. Kitasa akafunga kompyuta, akaenda nyumbani kwa Bibi Picha.

Bibi Picha alimfungulia kwa furaha, akamtafutia kiti kizuri, akamletea maji, akamuuliza habari za wifi. Hakuna tusi ambalo lingemuuma Kitasa kuliko maji yale. Alisema nusu ya aliyokuja kuyasema: kwamba kuna kitu kimeingia kwenye folda, hakifungiki, si kosa lake yeye Bibi Picha. Kimeingiaje, hakusema. Bibi Picha alivaa miwani, akamtazama usoni.

"Nilijua si mkono wangu ule," alisema. "Nyumba ya tatu hapo kuna mtaalamu wa mambo kama haya. Zamani alikuwa akiunganisha simu, enzi za simu za waya. Twende."

Mtaalamu alikuwa mwanamke mkavu, mwenye maneno machache na soksi nene. Alisikiliza, akauliza wifi anapigwa picha lini tena. Kesho, wakamwambia. "Basi awepo," alisema. "Na nyote muwepo. Nitakuja saa yake huyo mgeni, jua la utosi. Simu hupigwa wakati mwenyewe yupo."

Daktari hakubisha, maana mabenchi yake yalikuwa yameanza kubaki matupu. Kesho yake adhuhuri chumba cha Bibi Picha kilijaa watu: Daktari mlangoni amekunja mikono, wifi amelala kitandani tumbo wazi, Bibi Picha ameshika kifaa chake kwa ruhusa ya siku moja, Kitasa pembeni na kompyuta yake mapajani, na mtaalamu ameketi kwenye kigoda karibu na mashine, sikio limeielekea. Harufu ya maziwa iliingia kabla mtu hajasema lolote. Kwenye skrini mtoto alionekana, na moyo wake ukasikika kwenye spika ya mashine, mzuri, wa mbio. Wifi akatabasamu. Kisha kutoka gizani nyuma ya mtoto mkono ukaja, mrefu, wa pole, na wote waliokuwa wakiitazama skrini waliuona.

"Nani aliyekuruhusu?" mtaalamu aliiuliza mashine.

Katikati ya pigo na pigo, sauti ikajibu. Haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. "Nimekaribishwa."

"Na nani?"

"Yupo. Muulizeni."

Mtaalamu akageuka. "Mmesikia. Huyu hakuvunja, kafunguliwa. Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi na jirani, lazima amtoe yule yule aliyemwita, tena mbele ya wale aliowafungulia nyumba yao. Ni nani?"

Daktari alimtazama Bibi Picha. Wifi naye, kwa sababu Daktari alimtazama, akamtazama Bibi Picha. Na Bibi Picha akatikisa kichwa polepole.

"Mfumo ulipata hitilafu," Kitasa alisema. Aliisikia sauti yake mwenyewe, sauti ya kazini, iliyonyooka. "Hutokea. Mfumo wenyewe ulijifungua."

Moyo kwenye spika ukapunguza mwendo. Si kwa ghafla. Ulipungua kama mtu anayechoka kupanda ngazi, pigo, kisha kimya, kisha pigo, na kwenye skrini vile vidole virefu vikashuka kutoka kwenye kichwa cha mtoto, vikapita paji la uso, vikafika mdomoni, vikatulia hapo vikiufunika, na mtoto ambaye alikuwa akirusha miguu akaiacha ikaning'inia, na wifi, ambaye hakuweza kuiona skrini vizuri pale alipolala lakini alikuwa akisikia kila pigo linavyochelewa, akashika ubavu wa kitanda kwa mikono miwili na kusema kwa sauti ndogo ambayo Kitasa hajaisahau, "Hachezi. Jamani, hachezi."

"Mficha uchi hazai," mtaalamu alisema bila kumtazama mtu. "Na hapa hatazaa mwenzake."

"Ni mimi," Kitasa alisema.

Akayatoa yote. Kwamba alikuwa na haraka ya likizo. Kwamba dawa sahihi aliijua na hakuifanya. Kwamba alifungua folda nzima kwa kila mtu, kusoma, kuandika, kuingia, na kwa mdomo wake akasema ingieni. Kwamba alijua tangu siku ya kwanza, na Bibi Picha alipofukuzwa alikuwa amesimama mlangoni na akanyamaza. Alisema akilia, maneno yakigongana.

"Sasa funga," mtaalamu alisema. "Na useme unavyofunga."

Vidole vya Kitasa vilikosea herufi, akafuta, akaandika tena. Akarudisha picha kwa mwenyewe. Akakipa kikundi kile kilichostahili. Kisha akafika kwa wengine wote, na akasema kwa sauti, huku akimtazama wifi na si skrini, "Wengine wote, hakuna kusoma. Hakuna kuandika. Hakuna kuingia. Niliyekukaribisha ni mimi, na mimi nakutoa." Akabonyeza.

Vidole vikaachia mdomo wa mtoto, kimoja, kingine, kingine. Pigo likaja. Likaja la pili. Kisha moyo ukashika mbio zake, na mtoto akapiga teke lililoonekana hadi juu ya ngozi. Wifi akaangua kilio. Kwenye spika ile sauti ikasema neno moja, bila hasira, "Nimesikia," na kitu baridi kikapita katikati yao kuelekea mlangoni, na kisogo cha Kitasa kikasisimka.

Folda ilibaki imefungwa. Kitasa aliikagua mara nyingi, haikufunguka tena. Daktari alimwomba radhi Bibi Picha na kumrudishia kazi. Bibi Picha alimwambia Kitasa amemsamehe, na huenda ni kweli, lakini hakumwita tena mwanangu. Mtaalamu, wakati wa kuondoka, alimpa mkono kila mtu. Kwa Kitasa alizunguka mbali, akapita upande wa ukuta.

Kitasa akaacha kazi mwenyewe, akahama kutoka kwa kaka yake, akapanga chumba. Wifi alijifungua salama mtoto wa kike mwenye mapafu ya kuamsha mtaa. Siku Kitasa alipokwenda kumwona, wifi alimsimamisha kizingitini. Hakugomba. Alisema, "Utamwona kutoka hapo. Kumshika hapana, kuingia hapana. Nikiweza nitakwambia." Kitasa alikubali. Kila alipopata nafasi alipanda ghorofani kwa kaka yake, akasimama mlangoni, akamtazama mtoto wa kaka yake akikua, akashuka. Kaka alimwombea msamaha, wifi hakukubali.

Mpaka mchana mmoja. Mtoto alikuwa amelala kitandani anajichezea miguu, wifi anakunja nguo. Aliinua macho akamwona Kitasa pale mlangoni, na uso wake ukalegea.

"Nimechoka kununa, wifi yangu," alisema. "Mtoto anakua hamjui shangazi yake. Njoo umshike."

Kitasa aliinama afungue kamba za viatu. Hakuna kitu duniani alichokuwa anakitaka zaidi ya hicho. Akavua viatu, akainua mguu auvushe kizingiti. Wifi alikuwa bado anatabasamu, ila sasa macho yake yalipita juu ya bega la Kitasa, kwa adabu ya mwenye nyumba anayeona mgeni.

"Na huyo mwenzio ni nani, mbona amejificha nyuma yako? Mwambie naye—"

"Usimwambie kitu," Kitasa alisema.

Alikuwa amekuja peke yake. Hakugeuka. Alirudisha mguu nyuma polepole, akashika mlango na kuuvuta, na katika ule ufa uliobaki akamwona mtoto anamnyooshea mikono.

"Wifi, funga kwa ndani. Na ukiniona tena hapa, usinikaribishe. Hata nikilia."

"Kuna nini? Wewe, kuna nini?"

"Funga, nakuomba."

Alisimama akiwa ameushikilia mlango kwa nje mpaka aliposikia komeo limeingia. Kisha akaokota viatu vyake, akaanza kushuka ngazi peku, hatua kwa hatua, na nyuma yake, bila haraka yoyote, mgeni wake naye akaanza kushuka.